Umechanjwa, kipimo kimesema pozitivu: hapo una ugonjwa au una kinga?

Juzi jioni jirani yangu kaja kugonga mlango, mkononi ana karatasi imekunjwa mara nne na uso umemshuka kabisa. Kazini kwao wamepimwa wote homa ya ini B, yeye alichanjwa dozi zote tatu mwaka jana na kadi anayo, sasa majibu yametoka na kwenye mstari mmoja pameandikwa pozitivu. Kaniuliza kitu kimoja tu: "Mdogo wangu, ina maana ile chanjo ndo imenipa ugonjwa?"

Nikaifungua pale pale mlangoni. Mistari mitatu. HBsAg negativu, anti-HBc negativu, anti-HBs pozitivu, na pembeni yake namba 214. Mimi nafanya kazi maabara, kwa hiyo niliona mara moja kwamba haya ndo majibu mazuri kuliko yote ambayo mtu aliyechanjwa anaweza kuyapata. Lakini yeye alipewa karatasi dirishani, akaambiwa ampelekee dokta, dokta ana foleni mpaka wiki ijayo, basi akarudi nayo nyumbani na usiku mzima hajalala. Na sio yeye peke yake, kila tukiwa na zoezi la kupima watu waliochanjwa tunakutana na hofu hii hii, ndo maana nimeona niandike niieleze taratibu.

Tuelewane maneno kwanza. Kirusi ni kidude kidogo sana chenye vipande vyake, vingine viko nje kama ganda na vingine viko ndani. Kipande chochote ambacho mwili unaweza kukishtukia kwamba hiki sio changu, kinaitwa antijeni. Mwili ukishashtuka unatengeneza kingamwili, wengine wanasema antibodi, ni kitu kile kile, ni protini ndogo zinazozunguka kwenye damu na kila aina inashika kipande chake kimoja, vingine inavipita tu. Hapo ndo penye fundo zima la hii habari, kingamwili inashika kipande, haishiki kirusi kizima.

Kwa hiyo ukienda kupima kuna mambo matatu tofauti ambayo watu wanayaita yote "kipimo cha ugonjwa". Kuna kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, hicho ndo PCR. Kuna kinachotafuta kipande cha kirusi, yaani antijeni. Na kuna kinachotafuta kingamwili, yaani hakimtafuti mgeni, kinawatafuta walinzi waliowahi kuambiwa habari za mgeni.

Chukulia mtaani kwenu kuna sungusungu. Mwizi anayewasumbua anavaa koti jekundu, na ndani ya koti kaficha begi la vifaa vyake, bisibisi, nyundo, kamba. Sungusungu wanaweza kumjua kwa njia mbili. Ya kwanza, mwenyekiti wa mtaa analeta koti kama lile, koti tupu halina mtu, analitundika ofisini, kila mlinzi analiangalia vizuri mpaka analikariri. Ya pili, mwizi mwenyewe anaingia mtaani, anaiba, anakimbizwa, anakamatwa, begi linamwagwa chini kila mtu anaona kilichomo. Sasa wewe mgeni ukija baada ya mwaka mzima ukataka kujua kama mtaa ule uliwahi kuingiliwa, ukiwauliza walinzi "mnalijua koti?" haitakusaidia kitu maana wote watasema ndio. Waulize "begi mnalijua?" Hapo ndo utawatenganisha.

Chanjo ya homa ya ini B ni lile koti tupu. Ni protini moja tu ya ganda la nje la kirusi, na tangu 1986 inatengenezwa na seli za hamira zilizofundishwa kuizalisha, kirusi hakimo. Ndo maana chanjo hii haiwezi kumpa mtu homa ya ini hata kidogo, hakuna mwizi kwenye koti. Mwili unaona koti, unatengeneza kingamwili za koti, na hizo ndo zinaandikwa anti-HBs. Kingamwili za begi, yaani za kiini cha ndani cha kirusi, zinaitwa anti-HBc, na hizo chanjo haiwezi kuzitoa kwa sababu hicho kipande haikubeba. Na HBsAg ni koti lenyewe, sio mlinzi, ni koti limeonekana ndani ya nyumba.

Sasa rudi kwenye karatasi ya jirani. Koti halijaonekana, kwa hiyo hana maambukizi. Begi walinzi hawalijui, kwa hiyo hajawahi kuingiliwa na kirusi. Koti wanalijua, kwa hiyo chanjo imekubali. Na ile 214 ni wingi wa hizo kingamwili, kikomo kinachotumika ni 10, ukipimwa mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho ukawa na 10 au zaidi unahesabiwa umekingwa. Alipoelewa alikaa kwenye ngazi pale nje akavuta pumzi ndefu, akaniambia "sasa kwanini wasiandike tu KINGA IPO?" Nikakosa jibu, maana ana haki. Neno pozitivu kwa watu wetu limeshabeba miaka thelathini ya hofu ya ukimwi, halafu unalitupa kwenye karatasi bila hata sentensi moja ya maelezo.

Kuna kosa lingine nimeliona na limewaumiza watu hasa vijana wanaojiandaa kwenda kufanya kazi Uarabuni, ambako kipimo cha homa ya ini ni lazima kwenye medikali. Kijana anaambiwa kachanje, anachanja, wiki inayofuata anapimwa HBsAg na inatoka pozitivu. Inatokea, kwa sababu lile koti la chanjo linakuwa bado linazunguka kwenye damu, na imeshaonekana likipatikana mpaka siku 18 baada ya sindano. Kipimo hakijakosea, kimekuta koti kweli, ila ni la mwenyekiti. Kwa hiyo utaratibu ni upime kwanza ndo uchanje, na kama umeshachanja subiri mwezi upite ndo upime tena. Ikibaki pozitivu hapo sasa ni habari nyingine, unahitaji kipimo cha vinasaba na daktari.

Na kupima kabla ya kuchanja kuna faida nyingine, kwa sababu ukiwa tayari una kirusi chanjo haitakudhuru lakini pia haitakusaidia, utabaki unaamini umekingwa kumbe unaumwa. Watu wengi wazima wa huku kwetu wamo kwenye kundi la hatari hiyo. Chanjo hii iliingia kwenye ratiba ya watoto Kenya 2001 na Tanzania 2002, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni. Na ugonjwa huu una tabia moja mbaya, mtu mzima akiambukizwa mara nyingi mwili unaufukuza, zaidi ya 95 kati ya 100 wanapona, lakini mtoto mchanga akiambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa karibu 90 kati ya 100 wanabaki nao maisha. Wanakua, wanaoa, wanaolewa, hawana dalili yoyote, mpaka ini linapoanza kuharibika. WHO inakadiria mwaka 2022 walikuwepo watu milioni 254 duniani wanaoishi na homa ya ini B ya kudumu.

Kuhusu kinga kushuka, naulizwa sana hili. Mtu alikuwa na 214, baada ya miaka kumi anapima inakuta 8, anasema chanjo imekwisha. Hapana. Zile kingamwili za kwenye damu zinapungua ni kweli, ila walinzi wazee wanaokumbuka koti bado wapo majumbani wamelala, mwizi akitokea wanaamka haraka na kuita wengine, na homa ya ini inaingia polepole kiasi kwamba muda wa kuamka unatosha. Kwa mtu mwenye afya nzuri aliyejibu vizuri mwanzoni haina haja ya kukimbilia dozi nyingine, ila wenye figo zinazosafishwa kwa mashine au wenye kinga dhaifu hao wana utaratibu wao.

Haya, sasa toka kwa mtu mmoja uende kwa nchi nzima, maana huku ndo mambo yanakuwa magumu zaidi.

Mkumbuke korona mwaka 2020, kila mtu alikuwa anauliza ni wangapi hasa wameambukizwa, kwa sababu wengi hawakuumwa na wengi hawakupimwa. Watafiti wa Kilifi, KEMRI-Wellcome, wakatumia akili nzuri sana, wakachukua damu ya watu waliojitolea kuchangia benki za damu Kenya, sampuli 3,098 za kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakatafuta kingamwili za ule mwiba wa nje wa kirusi, ambao ndo koti la korona. Wakakuta 174, ambayo ni 5.6%, na baada ya kurekebisha kwa umri, mikoa na makosa ya kipimo chenyewe ikawa 4.3%. Wakarudia Januari mpaka Machi 2021, ikawa 48.5%. Karibu nusu! Wakati huo idadi ya wagonjwa iliyokuwa ikitangazwa ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na hapo. Kipimo cha kingamwili kilitoboa ukweli ambao hesabu za hospitali zisingeweza.

Lakini angalia tarehe. Chanjo Kenya ilianza Machi 2021. Tanzania Rais Samia alichanjwa tarehe 28 Julai 2021 na zoezi likafunguliwa, tukaanza na chanjo ya Janssen. Kuanzia hapo swali la "mnalijua koti?" likapoteza nguvu, kwa sababu AstraZeneca, Janssen, Pfizer na Moderna zote zinafundisha mwili kuhusu mwiba tu. Aliyechanjwa na aliyeugua wote wanasema ndio. Ndo watafiti wakahamia kwenye begi, protini ya ndani ya korona inayoitwa N. Ukiwa na kingamwili za N na ulichanjwa mojawapo ya hizo nne, basi kirusi kilikupitia.

Ingekuwa rahisi hivyo tungeishia hapo, ila kuna matatizo mawili na yote ni ya maana.

La kwanza, sio kila chanjo ni koti tupu. Sinopharm ambayo nayo ilitumika sana huku kwetu imetengenezwa kwa kirusi kizima kilichouawa. Yaani mwenyekiti hakuleta koti, alileta mwizi mzima akiwa maiti, koti limo na begi limo. Kwa mtu wa Sinopharm swali la begi halitenganishi chochote, kwa hiyo ukifanya utafiti kwenye mtaa ambao watu wamechanja chanjo mchanganyiko na hukuandika nani kachanja ipi, namba zako zitakudanganya na hutajua zimekudanganya.

La pili ndo lilinishangaza mimi mwenyewe nilipolisoma. Kwenye jaribio kubwa la chanjo ya Moderna kule Marekani waliwaangalia watu waliothibitika kwa PCR kwamba wameugua korona, wengine walikuwa wamechanjwa kweli na wengine walipewa sindano isiyo na dawa. Wale wasiochanjwa, 93% walitoa kingamwili za N. Waliochanjwa ni 40% tu. Watu wameugua, PCR imethibitisha, lakini zaidi ya nusu yao kipimo cha begi kinasema hapajatokea kitu! Ukifikiria inaeleweka, mtaa wenye walinzi waliofundishwa wanamdaka mwizi getini, anapigwa anatimuliwa kabla begi halijafunguliwa, kwa hiyo wengi hawakupata nafasi ya kuona kilichomo. Chanjo ikifanya kazi vizuri ndo kipimo kinazidi kuwa kipofu. Kwa hiyo ukisikia takwimu ya "waliochanjwa wameambukizwa kidogo tu" na kipimo kilichotumika ni cha N, uliza kama wamefanya marekebisho ya hili, maana huenda walioambukizwa ni wengi kuliko walioonekana. Hiyo haimaanishi chanjo haifai, wameambukizwa kwa wepesi na ndo lengo, ila hesabu ya maambukizi inakuwa imepungua isivyo halali.

Kwa surua hii mbinu ya koti na begi inagoma kabisa. Chanjo ya surua na rubela, ile mtoto anayopata miezi 9 na tena miezi 18, ni kirusi hai kilichodhoofishwa, mwizi mwenyewe ila hana nguvu, na vitu vyake vyote anavyo. Mtoto akitoka vipele siku kumi baada ya chanjo na kipimo cha kingamwili kikasoma pozitivu, kingamwili zenyewe haziwezi kusema ni chanjo au ni surua ya mtaani. Hapo inabidi kuchukua majimaji ya koo na kusoma vinasaba, kwa sababu kirusi cha chanjo ni cha kundi linaloitwa A na tofauti yake inaonekana. Ndo maana mhudumu anauliza mtoto alichanjwa lini, tarehe kamili, jamani msimjibu "juzi juzi hapa", leteni kadi.

Kuna kundi moja la watu ambalo kila nikilifikiria naliheshimu, na ni la hapa hapa kwetu. Dar es Salaam mwaka 2007 lilianza jaribio la chanjo ya VVU lililoitwa HIVIS, watu 60 wenye afya walijitolea, na waliandikishwa kutoka jeshi la polisi. Baadaye yakafuata majaribio mengine Dar, Mbeya, na Masaka kule Uganda, la karibuni ni PrEPVacc ambalo sindano zake zilisimamishwa 2023 baada ya kuonekana haitafanikiwa. Chanjo hizi zinabeba vipande tu vya VVU, haziwezi kumwambukiza mtu. Lakini kipimo cha haraka cha VVU tunachotumia kila kituo kinatafuta kingamwili. Fikiria mtu kajitolea kwa ajili ya wote, hana VVU, halafu anakwenda kituo cha kawaida, au kwenye bima, au anataka kufunga ndoa na kanisa limemwambia apime, na kipimo kinasoma pozitivu. Mchumba anaona. Wazazi wanaona. Ndo maana wanaojitolea wanaelezwa mapema wapimwe na watu wa utafiti wenyewe wanaojua kutofautisha, wakitumia PCR inayotafuta kirusi badala ya kingamwili.

Na akina mama wanaoishi na VVU wanalijua hili kwa njia nyingine bila kuitwa wataalamu. Mtoto wake akiwa na wiki sita anachomwa kisigino, matone ya damu yanakaushwa kwenye karatasi na kupelekwa kwenye PCR, hapimwi kwa kile kipimo cha kidole cha watu wazima, kwa sababu kingamwili za mama zinavuka kwa mtoto tumboni na zinaweza kubaki mpaka miezi 18. Mtoto salama kabisa angesomeka pozitivu kwa walinzi wa kuazima.

Watu wa mifugo nao wana mbinu yao na wanastahili sifa. Kwa ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe, chanjo inatengenezwa kwa kirusi kilichouawa halafu kinasafishwa ili kuondoa zile protini ambazo kirusi huzitengeneza pale tu kinapozaliana ndani ya mnyama. Kwa hiyo ng'ombe mwenye kingamwili za protini hizo kirusi kilizaliana kwake, na ambaye hana ila ana za ganda alichanjwa tu. Hiyo inaamua kama nyama inauzika nje au haiuziki, fedha za watu. Ila chanjo isiyosafishwa vizuri ikirudiwa rudiwa inachafua majibu, kwa hiyo hawamhukumu ng'ombe mmoja, wanaangalia zizi zima.

Sasa jirani yangu baada ya kutulia akarudi ndani kwake, dakika kumi kagonga tena, safari hii kaja na mumewe na karatasi ya mumewe, maana naye alikuwa kapima kwenye zoezi hilo hilo. Tukaziweka mbili pamoja juu ya meza. HBsAg negativu wote. Anti-HBs pozitivu wote. Mke akasema "si umeona, tuko sawa." Nikamwonyesha mstari wa katikati, anti-HBc, wa mke negativu na wa mume pozitivu. Nikamuuliza shemeji uliwahi kuchanja, akasema hajawahi, hata sindano ya pepopunda haikumbuki. Kwa hiyo kirusi kilimwingia, labda utotoni, labda ujanani, na mwili ukakifukuza bila yeye kujua chochote. Hana haja ya chanjo na hamwambukizi mkewe.

Kitu kimoja tu nilimwambia akishike. Kirusi hiki hata kikifukuzwa kinaacha mabaki yake ndani ya seli za ini, na siku akiwekwa kwenye dawa kali za kushusha kinga, za saratani kwa mfano, kinaweza kuamka, kwa hiyo dokta yeyote atakayempa dawa za aina hiyo lazima aambiwe. Akaomba kalamu. Akaandika nyuma ya kadi yake ya bima kwa herufi kubwa, "anti-HBc POZITIVU, mwambie daktari," na tarehe chini yake, akairudisha kwenye pochi.